Mimi na Ibtihal Tuna Mimba ya Miezi Minane

Jumamosi, 4 Oktoba

Leo nimeanza masomo. Zahanati ya mtaa wetu hapa Mtongwe imefungua darasa la wanaume ambao wake zao ni waja wazito. Tulikuwa sita. Mwalimu ni Sista Faith, mkunga, mwanamke mfupi mwenye sauti ya kuamrisha. Somo: kuhisi pamoja na mwenzio. Huruma, alisema, mtu aweza kumpa hata paka. Hili ni jambo jingine. Ni kujua mwenzio anahisi nini, kisha naye akajua kwamba umejua. Lina stadi tano: kutazama, kuuliza, kusikiliza, kutohukumu na kunyamaza. Nimeandika kurasa nne. Stadi ya tano sikuipata vizuri kwa sababu nilikuwa nazungumza.

Kuna tuzo. Mke akishajifungua, Sista atamwuliza swali moja faraghani. Baba wa kwanza ambaye jibu la mkewe litamridhisha Sista, picha yake itatundikwa ukutani pale mapokezi mwaka mzima, na chini yake maneno: Baba wa Mfano.

Picha hiyo ni yangu. Huu ni mwaka wa kumi na moja nauza mapazia soko la Likoni. Najua kitu kizuri kikining'inizwa mahali pake kinavyopendeza.

Mpinzani nimemwona mmoja tu. Kadenge, jirani yetu wa chini, mwashi, mkewe Nyamvula yu katika mwezi wa saba. Hakuandika neno. Hakuwa hata na kalamu. Aliuliza jambo moja: mwanamke mwenye mimba huumwa zaidi akikaa au akisimama? Sista akamjibu, kamwulize mkeo. Kadenge akatikisa kichwa kama aliyepewa siri kubwa. Nilimwonea imani.

Sista alifunga darasa kwa methali: kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Nimeipigia mstari mara mbili. Nitaanzia hapo.

Jumapili, 5 Oktoba

Nimekilalia kitanda.

Ibtihal hulala upande wa dirishani, na tangu mwezi wa sita analalamika kwamba hapati usingizi. Nikamwomba tubadilishane. Alinitazama kitambo, akahamia ukutani.

Matokeo ya uchunguzi: hakuna kunguni. Upande wake una upepo, una feni, na godoro halijabonyea. Sijapata kulala hivi tangu tufunge ndoa. Nimeamka saa mbili asubuhi nikageuka kumweleza, kwa upole, kwamba sioni sababu yoyote ya yeye kukosa usingizi. Hakuwepo. Alikuwa sebuleni, amelala mkekani, tumbo ameliegemeza kwenye mto.

Nikamwamsha nimwambie.

Jumatatu, 6 Oktoba

Stadi ya kutazama. Nimemtazama Ibtihal nikagundua kwamba mara kwa mara hula udongo. Si udongo wa shambani, ni vile vipande vilivyokaushwa wanavyouza sokoni kwa ajili ya waja wazito. Mama yake alimletea pakiti. Nikajiambia, Mussab, utamwelewaje mtu hali hujui alacho? Nilikula pakiti nzima kabla ya kwenda kazini. Nikateremshia maembe mabichi yake ya chumvi na pilipili.

Saa tano nilikuwa nampimia pazia Bi Dhahabu, mteja wangu wa zamani. Hali ikabadilika. Nilikimbilia nyuma ya duka lakini sikufika. Limeharibika jora zima la rangi ya maziwa. Bi Dhahabu akaniuliza nina nini. Nilimjibu nikiwa nimejifuta mdomo na nimesimama wima: mimi na mke wangu tuna mimba ya miezi minane. Akakunja mkoba wake, akasema atapita siku nyingine.

Nyumbani Ibtihal alinipikia uji mwepesi, akanikamulia ndimu, akanifulia shati. Kisha akasema, kwa sauti ndogo, kwamba ile pakiti ilikuwa ya mwisho.

Nilimpa mkono. Sasa, nikamwambia, tuko pamoja.

Jumatano, 8 Oktoba

Fikira kubwa kuliko zote. Sijui Kadenge ataifikiaje.

Nimefunga kilo tano za mchele tumboni kwa leso ya Ibtihal na juu yake nikavaa kanzu. Sitautoa mpaka siku ya kujifungua. Saa ya kwanza nilijiona mfalme. Saa ya pili mgongo ulianza kusema. Kufikia adhuhuri nilikuwa siwezi kuinama, siwezi kufunga viatu, na nilipoketi nilihitaji kuvutwa. Ibtihal alinivuta mara nne.

Mabomba yamekauka, leo siku ya tatu. Mwenye mkokoteni alileta madumu sita akayaacha chini ya ngazi kama kawaida yake. Sisi twakaa ghorofa ya kwanza. Ibtihal aliniomba niyapandishe. Nilimwonyesha hali yangu. Mja mzito habebi vizito, na si maneno yangu, ni ya Sista Faith.

Hakubishana. Alishuka, akanyanyua dumu moja kwa mikono miwili, akapanda vidato vitatu, akasimama. Wakati huo Kadenge akaingia kutoka kazini, saruji hadi kwenye nyusi. Alilichukua lile dumu mkononi mwa Ibtihal, akalipandisha, akarudi kwa la pili.

Nilimweleza kosa lake. Nilikuwa nimeketi kidato cha juu kwa ajili ya mgongo, basi kila akipita nilipata nafasi ya kumweleza kidogo. Nilimwambia kubeba maji ni nguvu tu, hata punda anabeba. Kwa kubeba hutajua kamwe mwanamke anahisi nini. Mimi najua, kwa sababu sibebi.

Akasema, “Haya, bwana Mussab,” akashuka kuchukua la tano.

Ijumaa, 10 Oktoba

Siku ngumu. Naandika ili nihukumiwe kwa haki.

Sista alitufundisha kwamba mtu akikwambia jambo, umrudishie kwa maneno yako ili ajue umesikia. Baada ya chakula Ibtihal akasema mgongo wamuuma. Nikamwambia, nasikia ukisema mgongo wakuuma. Akasema amechoka. Nikasema, nasikia ukisema umechoka. Akaniuliza kama namfanyia mzaha. Nikamjibu, nasikia ukiuliza kama nakufanyia mzaha. Stadi ilikwenda sawasawa kabisa. Yeye akavaa buibui akashuka kwa Nyamvula.

Nilimfuata hadi ngazini. Si kudukua. Ni stadi ya tatu, kusikiliza.

Mlango wa Nyamvula ulikuwa wazi. Alikuwa anachambua mchicha, na Ibtihal ameketi kwenye kigoda karibu naye, analia. Alisema anaogopa. Alisema tangu mwezi wa kwanza, kila mtoto akicheza tumboni, humkumbuka dada yake Salsabil, ambaye alikwenda kujifungua miaka sita iliyopita akarudishwa kwa jeneza. Alisema hajamwambia mtu. Nyamvula alisogeza ungo ukawa katikati yao, na Ibtihal akaanza naye kuchambua mchicha, huku analia.

Habari za Salsabil nazijua. Nilikuwako mazikoni, mimi ndiye niliyekwenda kukodi viti. Lakini sikuwahi kumweka Salsabil na mimba hii yetu katika fikira moja. Nilisimama pale ngazini nimeshika mchele wangu.

Kisha nikaumia. Nina kurasa nne za mafunzo, na mke wangu amwambia mtu asiyesoma hata ukurasa mmoja. Nikaingia. Nikamweleza Ibtihal kwamba hofu yake haina msingi. Nikafungua simu nikaanza kumsomea habari za uzazi, sababu za vifo vya kina mama wazazi moja baada ya nyingine, ili aone mwenyewe kwamba nyingi hazimhusu. Nilifika ya tatu. Nyamvula akainuka, akanishika bega, akanitoa taratibu, akafunga mlango.

Mtu wa watu, Nyamvula, lakini hapendi elimu.

Jumatatu, 13 Oktoba

Mama mkwe amekuja, Bi Nasreen, kutoka Frere Town, na mikoba mitatu. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba huku macho yake yako tumboni kwangu. Akauliza ni nini hicho. Nikamweleza tangu mwanzo: darasa, stadi, kuhisi pamoja. Alinisikiliza hadi mwisho bila kukatiza. Stadi anazo kwa asili, tatizo ni umri.

Kisha akaniambia nigeuke. Akafungua fundo la leso, akaupokea ule mchele kwa mikono miwili, akaingia nao jikoni. Baada ya swala ya adhuhuri tulikula pilau.

Ilikuwa nzuri, sikatai. Nilirudia sahani. Lakini kila tonge nililijua.

Jioni, kabla ya magharibi, nilimkuta Bi Nasreen amemkalisha Ibtihal baina ya magoti yake, anamsuka nywele. Wala hawazungumzi. Nikakaa kuwafunza umuhimu wa mazungumzo. Bi Nasreen akanituma ndimu. Niliporudi akanituma chumvi. Nadhani mama huyu anasahau vitu.

Ijumaa, 17 Oktoba

Jana. Niandike upesi kabla sijaanza kuyapamba.

Bi Nasreen alikuwa amerudi Frere Town kuchukua nguo. Kadenge yuko kazini. Saa tatu asubuhi Ibtihal aliniita kutoka jikoni, akasema maji yametoka. Nikamwambia hapana, mabomba bado makavu. Akashika ukingo wa meza. Hapo nikafahamu.

Nilishuka kumtafuta Tsuma mwenye tuktuk nikiwa na kiatu kimoja. Njia nzima nilimsomea Ibtihal kutoka kwenye daftari langu namna ya kuvuta pumzi. Tuliposhuka nilikumbuka mkoba, nikakumbuka kofia, daftari nikaliacha kitini. Tsuma akaondoka nalo. Elimu yangu yote ikaenda mtaa wa Ujamaa na abiria mwingine.

Mlangoni Sista Faith akanipa hiari: niingie na ninyamaze, au nikae nje na niseme nipendavyo. Nikaingia.

Saa nne mpaka saa tisa alasiri. Sitaandika yote. Sikujua kwamba mtu mmoja aweza kuwa na uchungu kiasi kile na bado akaomba radhi kwa mkunga kwa kupiga kelele. Nilijaribu kuzikumbuka stadi. Kutazama, halafu? Hazikuja. Nilimpangusa uso kwa kofia yangu kwa sababu sikuona kitambaa. Nilishika beseni. Alinishika vidole viwili, hiki na hiki, na hadi sasa havikunjiki.

Mnamo saa saba, uchungu ulipopumzika kidogo, akasema bila kunitazama, “Mussab, namfikiria Salsabil.”

Majibu ninayo. Ningeweza kumwambia mambo mengi yenye maana. Kinywa kikafunguka kikasema, “Hata mimi. Naogopa.”

Akageuka akanitazama. Kwa siku nyingi alikuwa hanitazami vile. “Kumbe nawe waogopa,” akasema.

“Sana.”

Akaweka kichwa chake juu ya mkono wangu, akafumba macho, tukakaa hivyo. Mkono ulikufa ganzi. Sikuusogeza.

Saa tisa na dakika kumi, binti. Kilo tatu na nukta moja. Ana nywele nyingi na uso wa Bi Nasreen akimtuma mtu chumvi. Nilimwadhinia sikioni. Sauti ilikatika mara mbili kwa sababu chumba kile kina vumbi. Ibtihal akasema ataitwa Salsabil. Nikakubali.

Sasa niseme ukweli, hapa tu. Nimefeli. Nilifundishwa stadi tano na siku yenyewe sikutumia kwa makusudi hata moja. Nilikaa kama gogo. Na mbaya zaidi, mume wa kutegemewa alimwambia mkewe anaogopa. Sista alikuwa pembeni, nadhani alisikia. Namwomba Mungu Sista awe alikuwa na shughuli.

Jumanne, 21 Oktoba

Nimeshinda.

Tulimrudisha Salsabil zahanati apimwe. Sista Faith akamchukua Ibtihal nyuma ya pazia kumwuliza lile swali. Pazia lenyewe ni pamba hafifu, fupi kwa shubiri nzima, yaani sauti halizuii hata kidogo. Nilisikia vizuri. Sista aliuliza: ni wakati gani hasa ulijua kwamba mumeo yuko pamoja nawe?

Nikamhesabia Ibtihal kimoyomoyo: kitanda, udongo, mchele. Ana mengi ya kuchagua.

Akasema, “Aliponiambia na yeye anaogopa.”

Nilitaka kuingia nisahihishe. Mwanamke amechoka, hajalala siku tano, kumbukumbu zimechanganyika. Lakini Sista akatoka akitabasamu, jambo ambalo sijapata kuliona, akasema nisimame ukutani nipigwe picha.

Nilimweleza kwamba kuna makosa. Nikamwambia ushindi naupokea, lakini sababu iandikwe iliyo sahihi, kwani watu watakuja kujifunza kutoka kwangu. Nikaanza kumtajia juhudi zangu kwa utaratibu. Akaniambia, “Baba Salsabil, stadi ya tano.” Basi nikanyamaza hadi akamaliza kupiga, kisha nikaendelea.

Niko ukutani. Nimewekwa kati ya picha ya kunawa mikono na ratiba ya chanjo, usawa wa macho, mwanga unatoka kushoto. Tangu kutundikwa wamenipita watu kumi na saba, na wawili walisimama. Mmoja alikuwa anangoja choo, lakini alisimama.

Kadenge alipanda jioni kutupongeza. Alimletea Ibtihal kuku wa kienyeji wa supu na akamwuliza kama amelala. Kisha akaniuliza mimi, kwa unyenyekevu: zamu yake yaja, mkewe ameanza kuwa na hofu, afanye nini. Nilimfundisha saa mbili. Alisikiliza hadi mwisho, ananitazama usoni, anauliza kidogo, hakunilaumu kwa lolote. Nilimsikitikia. Hana cha kusema kabisa, maskini.

Jumamosi, 25 Oktoba

Siku ya tisa tangu kuzaliwa Salsabil. Bi Nasreen amekwenda sokoni. Nyumba imetulia isipokuwa kilio.

Nimeamua elimu hii isife. Naanzisha darasa langu mwenyewe, kila Jumamosi, hapa sebuleni, na naandika mwongozo wa kulifundishia. Nimekwisha kumaliza dibaji, shukrani (kwangu), na picha yangu ya jalada. Jana nilimsomea Ibtihal dibaji alipokuwa ananyonyesha. Alisinzia ukurasa wa pili, ishara kwamba maneno yangu yanamtuliza. Mtoto naye nimeanza kumfundisha. Nimemweleza kwamba analia kwa kujifikiria yeye tu, bila kujali wenzake wana kazi. Bado hajaweza kurudia maneno yangu, lakini ananitazama, na kutazama ndiko mwanzo.

Sasa hivi niko sura ya kwanza, yenye kichwa Mume Mwema Huitika Mara ya Kwanza. Inakwenda vizuri sana. Maneno yanakuja yenyewe.

Ibtihal ameniita nikamshike mtoto, apate kuoga. Hii ni mara ya tatu. Nimemjibu asubiri, namalizia ukurasa.